Swali la Hatua ya Nane

Kitale,
Jumatano, 20 Mei 2009

Kwa Mama yangu mpendwa, Chepchumba,

Chamgei, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali pazuri, magoti yamepoa, na yule ng'ombe wa pembe moja ameacha kuvunja ua wa jirani. Sisi hapa Kitale tuko salama. Walubengo anakusalimu sana. Amepata kazi ya kutengeneza madawati na nyumba nzima inanuka vanishi. Mvua inanyesha kila alasiri, mahindi ya watu yamefika magotini, na mimi nimenona kidogo, habari ambayo najua utaifurahia kuliko zote zinazofuata.

Bethwel, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Naandika Kiswahili kwa sababu ukisoma lugha yetu kwenye karatasi unakwama kila mstari, na ndugu yangu sitaki kukuaibisha. Soma yote. Usiruke mahali pa kompyuta ukidhani Mama hatajali, na karibu na mwisho kuna mahali nitakuomba usome polepole.

Mama, tangu Jumamosi nacheka peke yangu. Hata Gachanja, mwenye saiba, lile duka la mtandao ninalofanyia kazi, ameniuliza kama nimepandishwa cheo na mtu mwingine, maana yeye hajanipandisha. Nikamwambia nina barua ya kuandika kwanza, na kwamba wewe ndiye utakayesikia kabla yake. Kwa hiyo ngoja nianze mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Unamkumbuka baba mkwe wangu, Mwalimu Wakhungu wa Kabuchai. Ni yule mzee mrefu aliyesahihisha kadi yetu ya harusi kwa kalamu nyekundu kabla ya kuitia mfukoni. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na tangu astaafu amekuwa akiandika kitabu cha watu wa kwao: nani alizaliwa na nani, alihamia wapi, alioa wapi. Vijana wakitaka kuoana, wazee huja kumuuliza kama kuna undugu, naye huwajibu kutoka kwenye kitabu hicho. Tena yeye huandika na akina mama, jambo ambalo wenzake humcheka kwalo. Alikipiga chote kwenye kompyuta kwa vidole viwili, miaka sita, kurasa mia mbili na kumi na nne. Hakuwahi kukichapisha hata ukurasa mmoja kwa sababu alisema hakijaisha.

Mwezi wa kwanza kompyuta hiyo ikafa. Ilikuwa inawaka, inaonyesha maandishi meupe mawili matatu, halafu inajizima na kuanza tena. Walimpelekea fundi mmoja mjini Bungoma. Fundi akakaa nayo wiki moja, akasema dawa ni kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Mwalimu alikataa, akaichukua mashine yake, na alipofika nyumbani akagundua kwamba memori zilizokuwa mbili ndani yake sasa ni moja. Tangu siku hiyo alitangaza kwamba kompyuta haitatoka tena chumbani kwake, na hakuna fundi atakayeingia humo kuigusa.

Aliyebebeshwa lawama ya kuiua ni Derrick, shemeji yangu, kitinda mimba wao. Wakati wa Krismasi alikuwa ameweka nyimbo zake mle ndani, na watu wote wakasema virusi viliingia na nyimbo. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba amezika watu wa Kabuchai wote kwa mkupuo mmoja. Derrick alifunga begi, akarudi Misikhu anakouza vifuniko vya simu sokoni, na hakukanyaga nyumbani tena, hata Pasaka. Mama mkwe wangu, Mama Lenah, alikuwa akinipigia simu analia. Aliniambia kwamba mzee huketi mbele ya kile kioo cheusi kuanzia chai ya asubuhi, hasemi, na uji unapoa pembeni.

Simu zile zilininyima raha, Mama, kuliko ulivyoweza kujua. Nikaanza kutafuta kwenye mtandao, na ndipo nikasoma habari za Linux. Huu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaogawiwa bure. Watu wameutengeneza huko na huko duniani na mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kumpa jirani. Kilichonifanya niinuke kwenye kiti ni hiki: unaweza kuuweka kwenye CD, ukawasha kompyuta kutoka kwenye hiyo CD, na mashine ikaamka bila kugusa chochote kilichomo. Ukishaamka hivyo unakichukua kitabu, unakihifadhi pembeni, halafu ndipo unapoweka mfumo mpya. Nilimweleza Gachanja. Akasema kitu cha bure kikubwa namna hiyo lazima kina mtego, ati mwishowe watatuma watu kuja kudai. Nikamwomba aniache nijaribu.

Sasa, kupakua ni kazi. Mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko kitu chochote ambacho mtandao wetu umewahi kuvuta, na wateja nao wanataka kusoma barua zao. Nilianzisha Jumatatu asubuhi kwenye mashine ya pembeni. Jioni ilikuwa asilimia ishirini na sita. Jumanne stima ikapotea mara mbili. Nilikuwa na programu ya kuendelea palipokatika, kwa hiyo sikulia sana. Jumatano ikafika themanini na tatu, ikasimama hapo tangu chai ya saa nne mpaka wakati wa chakula, nami nikawa naichungulia kila baada ya mteja. Dada mmoja aliyekuwa akiomba kazi ya hoteli alilalamika kwamba mtandao unatambaa. Nilipomweleza ninachovuta na ni cha nani, alikunja barua yake na kuniambia atarudi Ijumaa, mzee kwanza.

Ilipomalizika Alhamisi, kulikuwa na mtihani. Wenye mfumo huo huandika kwenye ukurasa wao mfuatano wa herufi na tarakimu thelathini na mbili. Wewe unaipimisha faili yako, nayo inatoa mfuatano wake; ikiwa yote ni sawa, faili ni nzima. Gachanja akasoma kwa sauti kutoka kwenye ukurasa, mimi nikafuata na kidole kwenye kioo changu. Tulitofautiana tangu herufi ya kwanza. Siku nne zote zilikuwa zimezaa faili mbovu. Gachanja akaninunulia mandazi mawili, na nikaanza upya.

Mara ya pili ilichukua siku tatu. Gachanja akasoma tena, na safari hii saiba nzima ikasikiliza kana kwamba ni matokeo ya mtihani wa darasa la nane. Tulipofika herufi ya thelathini na mbili na ikawa sawa, yule dada wa hoteli alipiga makofi. Gachanja kwa furaha akaichukua faili na kuichoma kwenye CD kama anavyochoma nyimbo, na tulipoijaribu ikawa CD yenye faili moja iliyolala ndani yake, haiamshi chochote. Nikamwonyesha kwamba hii haichomwi kama wimbo. Kuna mahali pa kuiambia programu kwamba faili yenyewe ndiyo CD nzima. Ya pili ikawaka kwenye mashine yetu vizuri kabisa. Nikaifunga kwenye leso ya Walubengo na Jumamosi nikaenda Kabuchai.

Hapa, Mama, lazima nikukumbushe jambo ambalo hulipendi. Kwa Mwalimu, mkaza mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Siingii chumbani kwake. Hatushikani mikono, hatuketi tukatazamana. Ninachompa hakitoki mkononi mwangu kwenda mkononi mwake; nakiweka chini, naondoka, naye anakuja kukiokota. Siku ya harusi ulipoelezwa hayo ulinivuta kando ukaniambia kwamba nitakuwa mgeni pale mpaka nizeeke, nitaitwa mke wa Walubengo hadi mimi mwenyewe nisahau naitwa nani. Sikukujibu siku ile kwa sababu niliogopa kwamba umesema kweli.

Basi nilifanya kama ipasavyo. Nikaifungua leso verandani, nikaiweka CD juu yake, nikaenda kukaa jikoni kwa Mama Lenah. Mwalimu alikuwa shambani anatazama miwa. Alipochelewa kurudi, kuku mmoja na vifaranga wake wakakiona kile kitu kinachong'aa. Tulisikia makelele, tukatoka mbio, na tukakuta CD iko mchangani, uso chini, kuku anaichakura kwa bidii. Niliifuta kwa ncha ya kanga. Mwalimu aliporudi aliichukua, akaiingiza, na baada ya dakika kumi Mama Lenah akatoka chumbani na kuniambia kwamba mzee anasema kioo kimejaa neno "error" kutoka juu mpaka chini.

Nilidhani amevunjika moyo. Kumbe yeye alikuwa ameona kitu kikiwaka kwenye mashine yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni makosa matupu. Alimtuma Mama Lenah aniletee daftari na kalamu. Alisema yeye amefundisha watu miaka thelathini na moja na anaweza kufuata maagizo yaliyoandikwa vizuri. Niandike hatua zote, moja baada ya nyingine, na nirudi na CD ambayo haijaonana na kuku. Niliandika hatua kumi pale pale jikoni, goti likiwa meza.

Alhamisi iliyofuata daftari likanifikia Kitale, limetumwa na mwenye duka wa kwao aliyekuja kununua mbegu. Mama, alikuwa amelisahihisha. Kurasa zote zilikuwa nyekundu. Kaniwekea nukta nilizosahau, kapiga mstari chini ya maneno niliyoandika ovyo, na mwishoni akanipa thelathini na nane juu ya hamsini. Walubengo alicheka mpaka akakaa chini. Anasema yeye hajawahi kupata zaidi ya thelathini kwa babake.

Kando ya hatua tatu kulikuwa na neno moja: "Fafanua." Kwenye hatua ya tatu nilikuwa nimeandika abonyeze F12, aliuliza kama ni herufi F kisha tarakimu mbili, au ni kitufe chenye jina hilo. Swali zuri. Nikamchorea kitufe. Kwenye hatua ya tano aliuliza itakuwaje akichagua mstari wa pili badala ya wa kwanza. Swali zuri pia, maana huo wa pili ungeweza kufuta kitabu. Nikamwandikia onyo kwa herufi kubwa. Kwenye hatua ya nane nilikuwa nimeandika hivi: chomeka flashi mpya ya bluu nitakayokuletea, si ile nyekundu ya zamani. Aliuliza: "Kwa nini si ile nyekundu? Fafanua." Hilo sikulijibu. Nililiacha wazi, nikafunga daftari, nikajiambia ataona nimesahau.

Jumamosi iliyopita nikaenda tena na CD tatu mpya, flashi ya bluu na daftari. Sikuziweka chini hata moja. Mama Lenah alizipokea mwenyewe, akazipanga ndani ya kikapu cha chapati, akakifunika kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, na kuingia nazo ndani kwa heshima zote. Mimi nikawekewa kiti verandani, chini ya dirisha la chumba, mgongo wangu ukiwa ukutani. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo. Mama Lenah akasimama mlangoni, katikati yetu.

Ungecheka, Mama. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Mwalimu akikohoa, akivuta kiti, hata akifungua miwani. Naye alinisikia mimi vizuri tu. Lakini kila neno lilipitia kwa Mama Lenah, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. Mwalimu akisema ndani kwamba kioo kimekuwa cha rangi ya udongo, Mama Lenah anatoa kichwa na kuniambia kioo kimekuwa cha rangi ya udongo. Mimi nikisema hiyo ni sawa, asubiri, anaingiza kichwa na kumwambia ni sawa, asubiri. Mara nyingine aliongeza ya kwake. Nilisema mashine itachelewa kwa sababu memori imebaki moja, naye akamfikishia kwamba itachelewa kwa sababu ya yule mwizi.

Tulisubiri sana. Trekta la miwa likapita barabarani, likarudi tupu. Halafu kutoka chumbani ikasikika ngoma, milio michache tu, ule mfumo ukijitangaza kwamba umeamka. Mama Lenah alishika kifua. Mwalimu akasema kwa Lubukusu, lugha yao, polepole, jina la babu yake. Alikuwa amefungua ile diski ya ndani, akaikuta folda, akakifungua kitabu. Kilikuwa kizima. Mama Lenah alisahau kazi yake ya kupeleka maneno, akaingia chumbani na kupiga vigelegele humo ndani, nami huku nje nikawa nalia na kucheka, kuku wakinitazama.

Kilichobaki kilikuwa kukinakili kwenye flashi ya bluu, kazi ya dakika moja. Nikasubiri. Mama Lenah akatoka, uso umebadilika kidogo.

"Mwalimu anasema amefika hatua ya nane," akaniambia, "na swali lake hujajibu."

Bethwel, hapa ndipo usome polepole.

Mama, ile flashi nyekundu ni yangu. Krismasi nilimpelekea Mwalimu picha za harusi humo ndani. Niliiweka kwenye kigoda, naye akaiokota, akaichomeka, na tulisikia anavyofurahia picha. Baada ya mwaka mpya niliirudisha saiba, na nilipoichomeka kwenye mashine ya Gachanja ile programu ya kukamata virusi ikapiga kelele. Virusi hivyo vilikuwa vimetusumbua saiba tangu mwezi wa kumi na moja. Nilivipeleka mimi Kabuchai, kwa mkono wangu, pamoja na picha zangu mwenyewe nikiwa nimevaa shela. Derrick alipolaumiwa nilikuwepo, jikoni, nakatakata sukuma. Nilinyamaza. Nilikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile, mtu wa mlimani, mgeni kama ulivyosema, na nikaona kwamba nikisema nitakuwa mgeni aliyekuja na ugonjwa. Kila simu ya Mama Lenah ilinichoma. Ndiyo maana nilivuta ile faili siku zote zile. Watu walinisifu kwamba nina moyo mwema, na mimi nilikuwa nalipa kosa langu kimyakimya, nikitumaini kitabu kikirudi hakuna atakayeuliza.

Sasa kitabu kilikuwa kimerudi, na Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake, flashi ya bluu mkononi, ameuliza. Ningeweza kusema ile nyekundu imeharibika. Mama Lenah alikuwa ananitazama, amenyoosha sikio apokee jibu alipeleke. Nikaona kwamba jibu hili siwezi kumbebesha. Nikageuza uso kuelekea dirishani.

"Baba," nikasema, "flashi nyekundu ni yangu. Ndiyo iliyoleta virusi. Derrick hakufanya kitu, na mimi nilijua, nikanyamaza."

Kiti cha ndani kililia mara moja. Mama Lenah alibaki mlangoni mdomo wazi, maana hapakuwa na kitu cha kupeleka, kilikuwa kimeshafika. Niliwaza nitakavyomwambia Walubengo, na nilikuwa tayari nimeshika mkoba wangu.

"Jelimo," Mwalimu akasema. Hajawahi kunitaja kwa jina. "Sasa umefafanua. Naendelea na hatua ya nane."

Mama Lenah, kwa mazoea tu, akanigeukia na kuniambia kwamba Mwalimu anasema nimefafanua. Ndani tukasikia Mwalimu anacheka. Mama, kicheko chake ni kikubwa, mtu hawezi kukidhania. Mama Lenah akacheka, mimi nikacheka na machozi yangu, na kitabu kikapita salama kwenda kwenye flashi ya bluu tukiwa tunacheka hivyo wote watatu, ukuta katikati.

Baadaye, mfumo mpya ulipokuwa ukijiweka, alimpigia Derrick mwenyewe. Sikusikia yote, ila nilisikia akisema kwamba baba yake alihukumu bila kuuliza, na mwalimu anayesahihisha bila kusoma swali hafai. Jumapili baada ya kanisa Derrick alikuja na kilo mbili za nyama. Nilimwomba msamaha mbele ya Mama Lenah na Walubengo, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Kitale. Alinitazama, akashika kichwa. Aliniambia, "Shem, si hata mimi nilijua ni mimi, bana. Kila usiku nilikuwa naomba Mungu anisamehe zile nyimbo." Halafu akaniambia nitamlipa kwa kumwekea huo mfumo wa bure kwenye kompyuta ya rafiki yake wa Misikhu, na kwamba hataki kusikia habari hiyo tena. Tumekubaliana.

Nilipokuwa naondoka Mama Lenah aliniletea kile kikapu cha chapati, kimefunikwa na kitambaa kile kile. Ndani kulikuwa na daftari langu. Thelathini na nane ilikuwa imekatwa, ikaandikwa arobaini na nane. Chini yake aliandika kwamba alama mbili amebaki nazo kwa sababu ya kuchelewa. Nadhani ni haki.

Na kulikuwa na karatasi moja ya kukunja. Mwalimu alikuwa amenakili kwa mkono ukurasa wa mwisho wa kitabu, ule alioupiga kwa vidole vyake viwili wiki ya Krismasi, siku chache kabla mashine haijafa. Nakuandikia kama ulivyo:

"Walubengo wa Wakhungu alimwoa Jelimo. Jelimo ni binti wa Chepchumba, wa mlimani. Chepchumba ni binti wa ........, binti wa ........"

Kando yake, kwa kalamu nyekundu ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi: "Fafanua."

Nilikuwemo humo, Mama. Nilikuwemo siku zote nilizokuwa naogopa kuwa mgeni, na wewe ulikuwemo, jina lako limeandikwa sawasawa. Wakati naivuta ile faili kwenye saiba nilikuwa natuokoa na sisi wawili, na sikujua. Nilichukua kalamu nijaze nafasi zile mbili pale pale verandani nimrudishie kabla sijaondoka. Nikashindwa. Nimemwita bibi yangu, mama yako, Kogo tu maisha yangu yote, na alitutoka nikiwa mdogo. Jina lake sijui. La mama yake ndiyo kabisa.

Kwa hiyo nakuomba majina hayo mawili, Mama, na kama unakumbuka la tatu, liongeze. Mwalimu anasema atapanua nafasi. Bethwel aandike kwa herufi za kusomeka, la sivyo atapata alama zake. Bora zaidi uje nayo mwenyewe mvua ikipungua. Mama Lenah amesema utalala chumba cha wageni, na Mwalimu amesema, safari hii bila kupitia kwa mtu yeyote, kwamba ana maswali mengi ya kukuuliza.

Nisalimie watu wote wa huko juu, na jirani mwenye ua, na umwambie yule ng'ombe nimemkumbuka. Ukipokea barua hii mtume Bethwel posta kesho yake, usingoje siku ya soko.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Jelimo wa Chepchumba wa ........ wa ........

(Jaza hapo, Mama, kisha unirudishie.)